Tangi la methanoli kwenye buti

Jumamosi nzima nimeshinda nimepiga magoti nyuma ya Subaru yangu hapa Ngamiani, jirani akidhani nafunga spika. Si spika. Ni tangi la lita 8 na pampu ya kupulizia maji na methanoli (aina ya alkoholi), nusu kwa nusu, kwenye hewa inayoingia injini. Turbo ikiishindilia hewa, hewa hupata joto. Ule mnyunyizo huipoza, injini isigonge, yaani mafuta yasijilipukie yenyewe ndani yake.

Kwa nini buti? Chini ya boneti hakuna nafasi. Shida ikawa mpira: karibu mita 5 hadi mbele, nikaupitisha chini ya zulia, mbali na ekzosi. Pampu nimeikalisha chini kuliko tangi, maana haipendi kuvuta kutoka chini. Solenoidi, vali ya umeme inayofunga njia, iko karibu na nozeli, ile ncha inayopulizia. Bila hiyo injini hunyonya kidogo kidogo hata pampu ikiwa imezimwa.

Fundi umeme akainama, akauliza, "Mdogo wangu, waya huu umetoka kwenye betri, fyuzi iko wapi?" Nilikuwa nimeisahau. Aibu.

Nikajaribu kwanza na maji matupu. Kiungio kimoja kikavuja, zulia likalowa chapachapa. Afadhali maji! Methanoli ni sumu, hupenya hata kwenye ngozi, na moto wake mchana ni vigumu kuuona. Ndiyo maana tundu la kupumulia la tangi nimelitoa nje, chini ya gari.

Zulia sasa liko kwenye kamba ya nguo, na mama watoto ameshaliona.