Sebule Isiyopambazuka

Mwaka 2011 tulihamia katika nyumba yetu mjini Morogoro, kuta zikiwa bado ni plasta tupu ya saruji, na fedha zilizobaki zikitosha kununua rangi na kumlipa fundi mmoja tu. Wiki chache kabla ya hapo, mimi na mke wangu tulikuwa tumehudhuria semina ya wanandoa kanisani, tukafundishwa hulka nne za binadamu, mafundisho yenye asili katika tiba ya Wagiriki wa kale, ambao waliamini kwamba tabia hutokana na damu, makohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Mke wangu aliambiwa ni sangwini, mtu wa watu na vicheko, nami nikaambiwa ni melankoli, mkimya na mwenye mawazo mengi. Nilirudi nyumbani nikachora jedwali kwenye kaunta buku, kila chumba na hulka ya mwenye kukitumia zaidi. Jikoni kukapata njano kali kwa ajili yake, na sebule, ambamo nilikusudia kusomea na kusahihisha madaftari ya wanafunzi, ikapata buluu iliyokolea.

Baadaye sana nilisoma kwamba Goethe na Schiller, washairi wa Kijerumani, walichora duara la rangi kwa kufuata hulka hizohizo nne mwishoni mwa karne ya 18. Katika duara lao melankoli amewekwa upande wa zambarau na nyekundu, ilhali walimu, watu wa kazi yangu, wamewekwa upande wa buluu, kwa hiyo hata hao wasingenisaidia kuamua.

Dukani nilichagua kutoka kwenye kadi ya rangi, kipande kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Fundi alikitazama, akatazama dirisha moja la sebule lililofunikwa na kivuli cha mwembe, akasema kwa upole, "Mwalimu, hii ikijaa ukutani itazidi ukali. Tupake kipande cha mita moja, ukiangalie asubuhi na usiku, ndipo uamue." Nilimjibu kwamba mimi ninajijua. Ni jibu la kipuuzi, kwa sababu fundi hakuwa ameuliza habari zangu. Alikuwa anazungumzia chumba.

Alipiga msasa, akapaka praima nyeupe, kisha akaanza buluu kwa rola. Ikiwa mbichi ilipendeza kweli, yenye kung'aa kama maji ya kina kirefu, lakini kadiri ilivyokauka ilizidi kukolea, na baada ya mkono wa pili kona za chumba zilianza kupotea. Usiku tukawasha balbu. Mwanga wake wa manjano haukuwa na buluu ya kutosha kurudishwa na kuta zile, hivyo tukajikuta tumekaa katika chumba karibu cheusi, mezani kukiwa na duara dogo la mwanga ambamo nilisogeza madaftari yangu moja baada ya jingine.

Mama mkwe alifika Jumamosi saa nne asubuhi. Nilimpokea mzigo nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba baba," akasimama mlangoni, akapepesa macho, kisha akauliza, "Mbona sebule yenu haijapambazuka?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kilipokwisha akasema jambo ambalo jedwali langu halikuwa na nafasi yake. Alisema anashinda dukani akichangamkia wateja tangu asubuhi, na akirudi anatamani mahali pasipomdai chochote, lakini anakutana na ile njano ya jikoni inayompigia kelele. Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nimekwisha kuhamishia madaftari jikoni kwa siri kila alipolala, kwa sababu kulikuwa na mwanga.

Fundi aliitwa tena mwezi uliofuata. Buluu ilihitaji praima mikono miwili kabla ya kukubali kufunikwa na rangi ya maziwa, na gharama yake iliahirisha mapazia hadi mwaka mpya. Jikoni tulipaka kijani hafifu cha jani changa la mgomba, alichokichagua mke wangu baada ya kutazama kipande cha mita moja kwa siku tatu. Nyuma ya kabati la vyombo, ambalo lilikuwa zito na hakuna aliyetaka kulisogeza, buluu yangu bado ipo.