Muuzaji mpole wa Japani na lenzi yenye fangasi: nilivyorudishiwa pesa zangu

Muuzaji aliyenisumbua kuliko wote hakunijibu vibaya hata siku moja. Kila ujumbe wake ulianza kwa salamu na kuisha kwa shukrani. Yeye alikuwa Japani, mimi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, na kati yetu palikuwa na dola 96 na lenzi moja kuukuu.

Mimi hupiga video za harusi na ruracio, yaani sherehe za mahari za Wakikuyu. Nikipata nafasi hununua lenzi za enzi za filamu kwenye minada ya mtandaoni, maana mpya zenye mwanga wa kutosha kwenye ukumbi wenye giza siziwezi. Safari hii ilikuwa Super-Takumar ya milimita 50 ya kampuni ya Asahi, ile ya f/1.4, yaani inayopitisha mwanga mwingi. Inafungwa kwa skrubu ya milimita 42, na ukiwa na adapta inakaa vizuri tu kwenye kamera za siku hizi.

Mnada ulifungwa Januari 2024, saa kumi na moja alfajiri. Wauzaji wengi hupenda ufungwe jioni ya Marekani, kwa hiyo sisi huku ndio hukesha. Nilipoona nimeshinda, kabla ya kulipa nilipiga picha za skrini za tangazo zima: maelezo, picha zote, jina la muuzaji na tarehe. Hufanya hivyo kila mara kwa sababu matangazo huondolewa baada ya muda, na likishaondoka unabaki na neno lako dhidi ya neno la mtu. Tangazo lilisema kioo ni safi na lenzi haina fangasi, yaani ule ukungu unaoota ndani ya vioo.

Nililipa kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, kupitia kadi ya benki, kama malipo ya bidhaa. Hapo kuna mtego unaowanasa wengi. Muuzaji anakuomba utume kama pesa ya marafiki na familia ili akupunguzie bei kidogo, eti akwepe makato. Malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi, ukitapeliwa, umetapeliwa. Kuna kijana wa pale Luthuli Avenue aliyefuata punguzo hilo akinunua vipuri vya redio, na mpaka leo ukimtajia anabadilisha mazungumzo. Mtego mwingine ni ule wa kushindwa mnada, kisha unaletewa ujumbe kwamba mshindi amejitoa na unaweza kuuziwa wewe, ila ulipe nje ya mtandao wa mnada. Huo mimi hufuta hata sijamaliza kuusoma.

Mzigo ulikuja kwa EMS, usafiri wa haraka wa posta. Nilipokwenda posta kuuchukua, afisa wa forodha alikuwa ameshaufungua na kuufunga tena kwa utepe wake. Ushuru wetu haukokotolewi kwa bei ya kitu peke yake, nauli nayo inajumlishwa, halafu juu yake VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Nikalipa, nikabeba.

Nyumbani nilimwomba mke wangu ashike simu arekodi video bila kukata: nambari ya mzigo kwenye lebo, utepe wa forodha, sanduku likifunguliwa, lenzi ikitoka. Kwa macho ya kawaida ilikuwa nzuri. Kioo kilikuwa na rangi ya njano kama chai ya rangi iliyopauka, jambo ambalo halikunishtua. Baadhi ya lenzi hizi zilitengenezwa kwa kioo chenye thoriamu, na kioo hicho hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda. Ukikianika juani wiki kadhaa hupungua. Kisha nikazima taa, nikawasha tochi ya simu nyuma ya lenzi, nikaielekeza kwa pembeni. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetambaa kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati, ndani kabisa kwenye vioo vya nyuma. Fangasi huonekana mwanga ukitoka nyuma. Picha zote za tangazo zilikuwa zimepigwa kwa mwanga wa mbele.

Nadhani hapo ndipo madai mengi huharibika. Ukiwa na hasira unaandika yote: rangi ya njano, mkwaruzo kwenye pete, kifuniko kisicho chake, mzigo uliochelewa. Muuzaji anachagua lile dhaifu kuliko yote na kulijibu hilo peke yake. Kama ningetaja njano angesema, na kwa haki kabisa, kwamba ni uzee wa kioo. Niliandika jambo moja: tangazo linasema haina fangasi, ina fangasi, picha hizi hapa. Sentensi fupi fupi, kwa sababu atakayeamua ni mfanyakazi wa ofisini ambaye huenda hajawahi kushika lenzi ya aina hiyo. Kwenye picha nikachora mshale mwekundu.

Kisha nikaweka picha ya nambari ya lenzi. Kila Super-Takumar ina nambari iliyochongwa kwenye pete ya mbele, kandokando ya jina. Nambari ile ilisomeka kwenye picha ya tangazo, ikasomeka kwenye video yangu. Nilijua fika kwamba muuzaji akibanwa atasema forodha wamebadilisha, au mimi nimeweka ya kwangu mbovu na kubaki na yake nzima. Tarakimu zile zilimfungia mlango huo mapema.

PayPal inakupa siku 180 tangu ulipolipa ufungue malalamiko. Zinaonekana nyingi, lakini siku za hatari ni nyingine. Ukishafungua, hatua ya kwanza ni mazungumzo kati yako na muuzaji, na mnapewa siku 20. Ndani ya siku hizo, kama hamjaelewana, ni juu yako kupandisha malalamiko yawe dai rasmi ili PayPal wenyewe waamue. Usipopandisha, yanajifunga yenyewe. Na yakishafungwa hayafunguliwi tena.

Muuzaji wangu aliijua hesabu hiyo vizuri sana. Jibu la kwanza lilichelewa siku kadhaa, akiomba radhi kwa usumbufu na kunishauri niianike lenzi juani. Nikamjibu kwamba jua linasaidia njano, fangasi ni jambo jingine. Kimya tena. Akarudi na dola 15, nibaki na lenzi. Nikakataa. Kimya. Akaniomba tuhamie WhatsApp tuongee kirafiki, nami nikamjibu kwamba nimeona ombi lake na tuendelee palepale. Sikukataa urafiki; nilitaka kila neno libaki mahali ambapo mwamuzi ataliona.

Mwisho ukaja ujumbe niliokuwa naungojea. Pesa nimeshaituma, alisema, ila mfumo umeizuia kwa sababu ya malalamiko yako. Tafadhali funga malalamiko ili iweze kuachiliwa. Mtu mwema angefunga. Nilifungua akaunti yangu, hakuna pesa iliyoonyesha kuwa njiani, na pesa inayorudishwa kwa njia halali haihitaji mnunuzi afunge chochote. Nilimwandikia asante, nikasema kesi itafungwa pesa ikiingia. Siku hiyohiyo nikapandisha dai, siku zikiwa bado zimebaki. Sikuisubiri ile ya mwisho, maana huku kwetu umeme na bando zina mambo yao.

Nilimpigia binamu yangu anayefanya kazi benki kumuuliza kama nipeleke suala hilo kwao pia, kwa kuwa pesa ilitoka kwenye kadi.

"Usiende kote kwa pamoja, kaka," akaniambia. "Ukija benki kubatilisha malipo, PayPal wanafunga lako. Maliza huko kwanza. Sisi tuwe wa mwisho, ila usichelewe."

Aliponiambia nisichelewe alimaanisha muda wa kadi. Kwa kawaida mitandao ya kadi kama Visa huweka kikomo cha siku 120 kwa malalamiko ya aina hii, ambazo ni pungufu ya zile 180. Kwa hiyo niliweka tarehe mbili kwenye kalenda ya simu: ya dai na ya benki. Ya benki sikuihitaji.

Uamuzi ulitoka upande wangu, kwa sharti kwamba nirudishe lenzi kwa gharama yangu, kwa usafiri unaofuatilika, nami niweke nambari ya mzigo kwenye dai kabla ya tarehe waliyotaja. Hapa muuzaji akaamka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Alinitumia anwani nyingine, eti ya ghala, iliyo tofauti na ile iliyoandikwa kwenye dai. Ukituma kwingine, mzigo utaonekana umefika mahali pasipohusika, nawe huna cha kuonyesha. Nilituma kwa anwani ya kwenye dai, herufi kwa herufi.

Mama wa dirishani posta alinisaidia kuliko nilivyotarajia. Alipoona fomu ya forodha akaniuliza, "Kijana, hii ni zawadi ama unauza?"

"Hapana mama, narudisha kwa mwenyewe. Aliniuzia mbovu."

"Basi weka alama hapa, bidhaa inayorudishwa. Ukiandika ni ya kuuza watamtoza ushuru, akatae kuichukua, irudi kwako."

Nauli ya EMS iliniuma, siwezi kusema uongo. Kwa kitu cha dola 30 nisingeirudisha. Ningekubali zile dola 15 na kuiuza kwa fundi kama vipuri. Hilo nimelipima tangu hapo kwa kila mzigo: kabla ya kuweka dau najua kurudisha kutanigharimu kiasi gani, na bei yangu ya juu naiweka nikiwa na hesabu hiyo kichwani.

Pesa ilirudi Aprili, dola 96 zote, bei pamoja na nauli ya kuja. Ushuru niliolipa haukuwamo, wala nauli ya kurudisha. Halafu ikaja hasara ya tatu ambayo haikuwa kosa la mtu. Januari shilingi ilikuwa taabani, dola ikifika karibu 160. Serikali ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la hatifungani za kimataifa lililokuwa linaiva Juni, na kila mtu alikuwa na wasiwasi kama litalipika. Februari ikakopa kwa hatifungani mpya na kununua sehemu kubwa ya lile la zamani mapema, wasiwasi ukapungua, shilingi ikapanda. Kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Nilikuwa nimenunua dola zangu kwa bei ya juu, zikanirudia kwa bei ya chini, na karibu shilingi 3,000 zikayeyuka hapo katikati. Nchi nzima ilishangilia shilingi kupata nguvu. Mimi nilishangilia nusu nusu.

Tangu wakati huo, kwenye mnada wowote wa lenzi, naomba picha moja ya ziada kabla ya kuweka dau: tochi nyuma, taa zimezimwa. Waungwana huituma, hata kama imepigwa ovyo. Anayejibu kwa salamu ndefu bila picha, namwachia.

Mwezi Mei nilikuwa napitia minada usiku, nikaona Super-Takumar ya milimita 50, muuzaji yuleyule. Nikavuta picha ya pete ya mbele kwa vidole na kulinganisha nambari na ile niliyoihifadhi. Ilikuwa yangu. Maelezo yalikuwa yaleyale: kioo safi, haina fangasi. Niliripoti tangazo na kuambatisha zile picha zenye mshale. Wakati huo dau la juu lilikuwa limefika dola 61.