Radi na saa za alfajiri Raskazone

Kaskazi imeshika. Hapa Raskazone, Tanga, ikifika saa nne asubuhi lami imeshachemka, na Radi, mbwa wangu wa aina ya boksa, hatembezeki tena saa hizo. Matembezi yetu yamehamia kwenye ncha mbili za siku, kabla jua halijachomoza na jioni likishazama. Ndizo saa zile zile ambazo majirani zangu wengi wako njiani kwenda msikitini au kurudi. Mwezi huu mzima jambo hilo halijanitoka kichwani, ndiyo maana naliandika.

Kwa asiyemjua boksa, ni mbwa wa kifua kipana na kiuno chembamba, uso mfupi mweusi, mashavu ya kuning'inia na udenda usiokatika. Dume aliyekomaa hupita kilo 30. Wafugaji wa Ujerumani, hasa mjini Munich, ndio waliomtengeneza mwishoni mwa karne ya 19, kwa kumchanganya buldogi wa Kiingereza na mbwa wa kuwindia aliyeitwa Bullenbeisser. Huyo Bullenbeisser kazi yake ilikuwa kumdaka mnyama kwa meno na kumng'ang'ania mpaka mwindaji afike. Damu hiyo bado ipo. Radi akiona pindo la nguo linapepea, mdomo unamwasha. Akimpenda mtu, anamsimamia kwa miguu ya nyuma, anamwekea ya mbele kifuani na kumlamba uso. Tena boksa huchelewa kupevuka, anafikisha miaka 2 au 3 bado ana akili za kitoto, wakati nguvu zake ni za mbwa mzima.

Sasa mchukue mbwa huyo, mpitishe gizagiza penye wazee waliovaa kanzu zilizopigwa pasi, wanaokwenda kusali.

Mimi nimezaliwa nyumba ya Wakristo, lakini nimekulia pwani na najua maana ya udenda wa mbwa kwenye nguo ya sala. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa huku kwetu, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara 7, na mojawapo ni kwa udongo. Mtu yuko njiani, adhana imeshalia, halafu mbwa wa jirani anamrukia. Hapo hakuna cha "haumi, anacheza tu." Sentensi hiyo naichukia. Anayeisema anadhani tatizo ni meno peke yake.

Mzee mmoja wa mtaa wetu aliniambia vizuri zaidi. Nilimwamkia shikamoo, nikiwa nimemkazia Radi kamba mpaka vidole vinauma. Akaitikia marahaba, akasimama kando, akaniambia, "Binti yangu, mbwa wako simchukii. Ni kiumbe wa Mungu. Ila kanzu hii nasimama nayo mbele ya Mola wangu."

Tangu hapo mafunzo ya Radi yana lengo moja: mtu akipita, unakaa.

Tulianzia uani. Mdogo wangu wa kiume alijifunga shuka jeupe mpaka miguuni, akavaa kofia, akawa anapita mbali, kule karibu na mgomba. Radi akimwona, kabla hajachomoka namwambia "kaa", na makalio yakigusa chini tu anapata dagaa. Dagaa nanunua wabichi pale soko la samaki la Deep Sea, nawachemsha bila chumvi na kuwaanika, kisha nawatia kwenye kimfuko kiunoni. Kwa boksa dagaa mmoja anatosha, kinachomvuta ni harufu. Mdogo wangu akawa anasogea hatua kwa hatua, siku nyingine anatembea haraka, siku nyingine anakohoa au anaongea na simu. Mbwa akijifunza kitu uani, hakijui barabarani. Lazima umfundishe upya getini, kisha nje ya geti, kisha kona ya kwanza. Watu wengi hukata tamaa hapo, wanasema mbwa ni mkaidi. Si ukaidi. Kwake kona ni dunia nyingine.

Kurukia wageni nyumbani tumekukomesha kwa njia hiyo hiyo: miguu minne ikiwa chini anasalimiwa, akinyanyuka mgeni anampa mgongo na kunyamaza kabisa. Kumpiga goti la kifua au kumfokea, kama wengi wanavyoshauri, hakusaidii. Boksa anaona umeingia mchezoni. Na meno yanapodaka pindo simvuti, maana akivutwa ndipo anang'ang'ania, kama babu zake. Namwonyesha dagaa, nasema "achia", anabadilishana. Sasa anaachia hata bila dagaa, mara nyingi. Baiskeli za Tanga, ambazo kila mtu anajua zilivyo nyingi, bado zinamtoa roho, na kwa hizo tunakaa mbali tu na barabara kubwa.

Ningependa mngemwona akiwa amekaa wakati watu wanapita. Mwili wote uko chini ya amri isipokuwa nyuma. Mkia, ambao kwa bahati hakukatwa alipokuwa mdogo, unafagia mchanga huku na huku, makalio yanatetemeka, kucha za mbele zimezama ardhini, na mikunjo ya paji la uso inapanda na kushuka. Anawatazama watu, ananitazama mimi, anawatazama tena. Udenda unashuka uzi mmoja mrefu mpaka chini. Wakishapita hatua kumi hivi nasema "haya," naye anajipinda mwili mzima mpaka pua inakaribia kukutana na mkia. Ndivyo boksa wanavyofurahi.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisimfungie bandani mchana na kumwachia usiku alinde, kama mbwa wengine. Naheshimu kila mtu na kwake, lakini kwa boksa hilo ni kumtesa. Huyu anataka watu. Ukimfungia peke yake tangu asubuhi, usiku hukupata mlinzi, umepata mbwa aliyechanganyikiwa, anayembwekea hata mwenye nyumba.

Tatizo ni kwamba nguvu hizo huwezi kuzimaliza kwa kumkimbiza juani. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema, maji yakikauka kwenye ulimi na ndani ya pua. Boksa pua yake ni fupi, na unyevu wa pwani unazuia maji hayo yasikauke, kwa hiyo anapigwa mara mbili. Joto la mwili wake wa kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 uhai uko hatarini. Akianza kuhema kwa kelele, fizi zikaiva nyekundu, mate yakawa mazito na miguu ikapepesuka, usisubiri: kivulini, maji ya kawaida tumboni na miguuni, feni kama ipo, na daktari wa mifugo papo hapo.

Mchana, basi, namchosha akili. Napanga vifuu vya nazi barazani, chini ya kimoja naweka dagaa, anavinusa kimoja kimoja mpaka akipate. Dakika chache za hivyo na analala sakafuni akikoroma nyumba nzima isikie. Jioni maji yakikupwa tunateremka pwani, namfunga kamba ndefu akimbie kwenye mchanga ulioloa. Kuogelea simruhusu. Kifua kizito na uso mfupi vinamfanya ashindwe kuinua pua juu ya maji, na maji ya chumvi akiyanywa yatamdhuru. Tukirudi naangalia kupe masikioni na katikati ya vidole, apumzike kwanza, ndipo ale. Chakula nakigawa mara mbili kwa siku, na akishakula hakuna kukimbia, kwa sababu mbwa wa kifua kirefu kama yeye tumbo linaweza kujaa gesi na kujipindua, na hapo bila upasuaji wa haraka anakufa.

Juzi alfajiri tulikutana tena na mzee. Radi akakaa kabla sijasema neno. Mzee alipita upande wa pili wa njia, bila kuharakisha, akaitikia salamu yangu, akasema, "Mwenzetu ameanza kuwa mwanamtaa." Nilimpa Radi dagaa wote waliobaki mfukoni.

Jumamosi tunakwenda kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa inakaribia kutimiza mwaka, na nitamwomba pia amsikilize moyo vizuri, maana boksa wana ugonjwa wa kurithi unaovuruga mapigo, na mbwa aliyeonekana mzima jana anaweza kuzimia leo. Tutakuwa mlangoni wakifungua tu, kabla jua halijapanda.