Mapengo ndani ya sanduku la Whitworth

Jumamosi jioni, Kampala

Sanduku la zamani la tapu (kifaa cha kukata meno ya skrubu ndani ya tundu) na dai (cha kukata meno hayo juu ya bolti) likiibuka kwenye vyuma chakavu vya Katwe au Kisenyi, mara nyingi huwa na mapengo, na mapengo hayo hayaji ovyo. Robo inchi, 5/16 na 3/8 ndizo hukosekana kwa kuwa ndizo zilizochapa kazi. Nusu inchi bado inang'aa. Katika kila saizi yenye tapu tatu, ile ya kuanzia, iliyochongoka, hutangulia kupotea. Ya tatu, ya kumalizia tundu lisilotokea upande wa pili, hubaki kama mpya.

Mitambo ya Kiingereza, pamoja na reli iliyofika Kampala mwaka 1931, ndiyo iliyotuletea hesi ya Whitworth, yaani mtindo wa Kiingereza wa meno ya skrubu. Kisha vikaja vyombo vya UNC, mtindo wa Kimarekani, na hapo ndipo wengi tunapojaza pengo kwa kitu kisicho chake. Whitworth ina pembe ya digrii 55, UNC digrii 60. Lakini robo inchi zote mbili zina meno 20 kwa inchi, 5/16 meno 18, 3/8 meno 16. Nati inaingia, tapu inakaa sandukuni kwa raha, na hakuna anayeshtuka. Nusu inchi ndiyo inayoumbua: Whitworth ina meno 12, UNC 13. Bolti huzunguka kidogo, ikabana, na ukiilazimisha inakula hesi.

Basi soma kwanza shina la tapu unayojazia: BSW ndiyo Whitworth, BSF ni ndugu yake mwenye meno membamba (robo inchi ina meno 26). Maandishi yakifutika, chukua jani la kipimo cha hesi la digrii 55, lilaze kwenye meno, elekeza kwenye mwanga. Mwanga ukipenya ubavuni mwa meno, irudishe kwa muuzaji.

Kwa dai, pima pia kipenyo cha nje. Ya inchi 1 haikai kwenye mpini wa kushikia dai wa inchi 1 5/16, hata hesi iwe sahihi kabisa. Na kagua skrubu tatu za mpini, vitu vidogo ambavyo watu huvidharau: ya kati hupanua dai, mbili za pembeni huibana. Bila ya kati huwezi kuanza na mkato mwepesi. Dai hung'ata yote kwa mara moja na meno ya bolti huchanika.

Kutu nyepesi iondoe kwa mafuta ya taa na brashi ya waya laini. Siki inafanya kazi, lakini ikikaa mno inakula makali, na makali ndiyo mali yenyewe. Tapu nyingi za zamani ni za chuma cha kaboni: ukizinoa kwenye mashine hadi zigeuke buluu, ugumu umekwenda na haurudi bila kupashwa na kuzimwa upya.

Kabla ya kusema seti imetimia, jaribu kila tapu kwenye chuma laini chenye mafuta. Toboa milimita 5.1 kwa robo inchi ya Whitworth, 10.5 kwa nusu inchi. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili vinyweleo vya chuma vikatike. Ikianza kulia, itoe usafishe. Tapu ya kaboni haipindi, inavunjika ndani ya tundu.

Sanduku likiwa la mwaloni, paka kila kipande mafuta kabla ya kukirudisha, maana mti huo hutoa asidi inayoamsha kutu.