Jumamosi niliyobaki

Kwa miaka 2 nimekuwa nikimshusha binti yangu kwenye kikundi cha vijana kanisani, kisha naondoka. Jumamosi iliyopita mmoja wa walezi wao aliugua, nikaombwa nikae nao. Nilipanga viti, nikanyamaza, nikasikiliza. Mada ilikuwa hofu. Binti yangu akasimama, akasema anaogopa kunionyesha matokeo yake ya mtihani. Alisema huku akinitazama. Moyo uliniuma, jamani.

Kurudi nyumbani hatukuwasha redio. Tulifika, tukabaki ndani ya gari tukiongea mpaka giza likaingia.

Walezi wale wanajitolea, nao ni wawili tu kwa vijana 30. Nimeshaandikisha jina langu. Wazazi wenzangu, mwenye hata saa moja Jumamosi ijayo, karibu tukae nao.