Kutu ya bati haishikwi na smaku, ila huu unga mweusi sasa

Huku Mtwara chumvi ya bahari haina huruma na mabati, anaekaa Shangani au Mikindani anajua, miaka michache tu paa limeshakua jekundu. Sasa dogo mmoja wa form six kaniuliza, mwalimu, kutu si imetokana na chuma, mbona smaku haiibebi?

Kutu imetokana na chuma kweli, ila mule ndani kila atomu ya chuma ni kijismaku na vimejipanga nusu vinaangalia huku nusu kule, vinafutana karibu vyote. Magnetaiti, Fe3O4, yaani huo unga mweusi, nao ni chuma na oksijeni, nayo ina kufutana, ila hesabu hailingani: chuma (III), zilizopoteza elektroni tatu, zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, chuma (II), iliyopoteza mbili, inakosa wa kuifuta, na hiyo iliyobaki ndo inavutwa na smaku yako. Aliefafanua hilo ni Mfaransa Louis Néel mwaka 1948, akaja kupata Nobel 1970.

Mwaka 1949 huyo huyo akaeleza kitu ambacho mi nakipenda zaidi. Ukiisaga magnetaiti (kusaga ni kusema tu, hakuna kinu cha hivo) mpaka chembe iwe chini ya nanomita 20 hivi (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), joto la kawaida tu la hewa linaweza kuigeuza smaku ya chembe nzima, kaskazini inakua kusini, inarudi, inageuka tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, kwahiyo ukiiacha peke yake utasema sio smaku, ukisogeza smaku zinajipanga zote fasta, ukiitoa zinasahau. Na kwenye dawa za kuingia mwilini, tabia hiyo ya kusahau ndo inayotakiwa, maana zingekua hazisahau zingeng'ang'aniana kwenye damu. Marekani mwaka 2009 waliruhusu ferumoksitoli, dawa ya kuongeza chuma mwilini, kwa wagonjwa wa figo walioishiwa damu, ni chembe hizi hizi zimevikwa koti la kabohaidreti.

Kuzitengeneza sasa. Njia ya kimaskini, iliyopata umaarufu kwa mkemia René Massart 1981, unachukua chumvi za chuma mbili, (II) sehemu moja na (III) sehemu mbili, unayeyusha kwenye maji, unamimina amonia huku unakoroga kwa nguvu, papo hapo inakua nyeusi tii. Rahisi kutengeneza ila ngumu kulinganisha, ni kama uji, mkono ukilegea unapata mabuja, kubwa na ndogo humo humo. Wanaotaka saizi moja wanachemsha oleati ya chuma (chuma kilichoungana na asidi ya mafuta) kwenye mafuta mpaka nyuzi 320 hivi, hiyo mi siigusi kwenye maabara ya shule.

Kuna wanaotumia maji ya majani ya mimea badala ya kemikali na najua wa huku mtakimbilia majani ya mkorosho, sawa, ila mara nyingi huwezi kujua jani limeweka nini kwenye chembe zako.

Adui mkubwa ni oksijeni. Wenye uwezo wanapitisha naitrojeni, sisi tunachemsha maji kwanza yatoe hewa alafu tunafunika. Ikigeuka kahawia usimwage, imeshakua maghemaiti, oksaidi nyingine ya chuma, bado inavutwa na smaku, imepungua kidogo tu. Mikroskopu ya elektroni hatuna, kwahiyo kipimo chetu ni hiki: bandika smaku ubavuni mwa chupa unga ukusanyike, itoe, tikisa. Ukisambaa wote tena bila mabonge, nafurahi, japo hapo nanomita ngapi siwezi kukuambia.