Dumuzi dume anaita kwa harufu, akipata jike ananyamaza

Mnaoniuliza kule maabara tunafanya nini na mahindi yaliyobunguliwa, leo niwaeleze kuhusu dumuzi, yani huyu mdudu watu wengi wanamjua kwa hasara tu, ila mi nikikaa naye kwenye mashine naona maajabu kabisa.

Dumuzi sio wa kwetu jamani. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, huku kwetu akajulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80, watu wakambatiza Scania, na mwaka 1983 alishaonekana Taveta upande wa Kenya. Hafiki hata milimita 5 lakini anatoboa mahindi kwenye gunzi, anatoboa makopa, anatoboa mpaka mbao za ghala, anachoacha ni unga unga tu.

Sasa huyu mdudu anaita wenzake kwa harufu. Dume akishaingia kwenye punje anatoa kemikali hewani, na wanaokuja sio majike peke yao, hata madume wenzie wanakuja, ndo maana ghala linajaa haraka hivo. Wanasayansi walishazipambanua hizo kemikali miaka ya 80, ni esta mbili (esta ni aina ya kemikali zenye harufu), zikapewa majina ya Trunc-call 1 na Trunc-call 2.

Tunazikamataje? Kwanza utenganishe dume na jike, na hapo ndo macho yanauma maana unaangalia kwa hadubini vinundu vidogo usoni kwake. Ukishapata dume unamweka kwenye chupa ya kioo na punje za mahindi, upande mmoja hewa inaingia ikiwa imechujwa kwa mkaa maalum, upande wa pili pampu inaivuta taratibu ipite kwenye kijimrija chenye chembechembe za polima, harufu inanasa pale. Baadae unaisuuza kwa kiyeyushi kidogo sana, unachukua mikrolita moja kwa sirinji nyembamba, unaingiza kwenye GC-MS, yani mashine ya kutenganisha na kutambua kemikali. Mle ndani kuna mrija mwembamba mrefu umeviringwa, oveni inapanda joto polepole, kila kemikali inatoka kwa muda wake, halafu inavunjwa vipande na mashine inapima uzito wa vile vipande, kwenye skrini unaona piki, yani vilele vya mstari wa grafu, zinapanda moja moja. Unalinganisha na ile kemikali halisi iliyotengenezwa kiwandani, kama muda ni uleule na vipande ni vilevile basi umeipata.

Na hapa nasisitiza kwa wadogo zangu mnaoanza field, msiache kuendesha chupa yenye mahindi matupu bila mdudu! Mahindi yenyewe yana harufu zake, mipira ya kupitishia hewa inatoa kemikali, kiyeyushi nacho kina uchafu wake, hata losheni ya mkononi inatokea, sasa bila ile chupa isiyo na mdudu utasema hii ya mdudu kumbe ni ya mpira wa pampu.

Kitu kinachonigusa zaidi ni hiki, dume akiwa peke yake piki ni ndefu, mletee jike kwenye chupa ileile, piki inashuka sana, anakuwa kama hayupo. Yani anaita akiwa na shida ya kuita. Na kuita kwenyewe kuna hatari, maana yupo mdudu mwingine mweusi anaitwa Teretrius nigrescens, huyo anakula mayai na funza wa dumuzi, na anamfuata kwa harufu ileile! Wataalamu wakaona hilo, wakamtoa kwao wakamwachia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Binafsi naona hiyo ni moja ya kazi nzuri sana za kudhibiti wadudu barani kwetu, japo hajamaliza tatizo.

Sasa hili la mitego inayotumia harufu hiyo ya dumuzi ndo limenifanya niandike, maana naona watu wananunua vile vidonge vya harufu vya kuweka kwenye mtego wakidhani ni dawa, wananing'iniza ndani ya ghala kabisa. Jamani hapana! Ile harufu inaita, na dumuzi wengi wanaokuja hawaingii kwenye mtego, wanaishia kwenye mahindi yako yaliyo karibu. Mtego ni wa kukupa taarifa tu, utundike mbali na ghala na mbali na shamba, uukague kila wiki. Ukiona wameanza kuingia, pukuchua mahindi usiyaache kwenye magunzi, hakikisha yamekauka vizuri, halafu weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa na uifunge vizuri, au tumia ile dawa ya unga yenye viambato viwili, maana kiua dumuzi ni pemethrini na kiua vile vidudu vingine vya siku zote ni pirimifosi-methili, ukiweka cha pili peke yake dumuzi anaendelea kula.